Kome Kwenye Kamba ya Nanga

MAELEZO YA SHAHIDI

Kosa linalochunguzwa: Kujeruhi vibaya mwili
Shahidi: Mwanamke, miaka 43. Jina limehifadhiwa, kazini anaitwa Mama Mvuke.
Kazi: Mwosha boti, lango la ukaguzi wa bwawa
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, nyuma ya lango hilo

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu afande kwamba uongo haunipi shida, shida yangu leo ni ukweli, maana kila nitakapougusa utamuumiza mtu wangu.

Kazi yangu ni kuosha kwa maji ya moto kila boti inayotoka mtoni kabla haijaingia bwawani. Hiyo ni amri ya kanuni za kudhibiti viumbe vamizi. Mtoni wameingia kome wa kigeni, vidudu vya gamba vinavyonata popote, na wakifika bwawani wataziba mabomba ya maji ya mji mzima. Niliwahi kuonyeshwa bomba lililokatwa. Ndani kome walikuwa wamebanana kama meno. Boti ikikutwa na kome hai inachomwa moto palepale langoni, mwenyewe akiona. Wavuvi wanaichukia kanuni hiyo na mimi wananiita majina. Nimeshayazoea.

Mnamo Jumanne iliyopita, saa tatu asubuhi, mdogo wangu na mumewe walifika langoni wakisukuma boti yao ya mbao juu ya mkokoteni. Mto umepungua maji, walitaka kuvua bwawani. Boti hiyo ndiyo inayowaweka mjini. Hawana shamba wala duka.

Shemeji alikuwa mchangamfu, ndivyo alivyo. Aliniambia, "Shemeji, leo kaa chini upumzike. Jana tumeiosha wenyewe. Mdogo wako kachemsha maji mpaka kuni zimetuishia." Nilimjibu kwamba sifa ampelekee mkewe, mimi anipishe nikague. Tulicheka wote watatu.

Ilikuwa kweli wameiosha. Nilipitisha kiganja chini ya boti yote, sikupata hata tope. Kisha niliona ndoo ya maji chini ya kiti cha mbele, na ndani yake kamba ya nanga. Ni kamba ya katani. Wavuvi wa mtoni huiloweka muda wote, kwa sababu ikikauka inakakamaa na kukatika, tena wanaamini maji ya moto yanaiozesha. Kwa hiyo walikuwa wamechemshia boti nzima, na kamba wakaiacha kwenye ndoo yake ya maji ya mto. Nilifumua nyuzi. Kome walikuwa humo, wadogo kama punje za mtama, wazima.

Mkaguzi, ambaye ni mkuu wangu wa kazi, aliniuliza, "Vipi mama, safi?" Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Nikasema, "Kuna kome." Nililisema hilo mbele ya ndugu yangu wa tumbo moja na sijalijutia. Sheria ni msumeno.

Shemeji alipiga magoti. Aliomba ichomwe kamba na ndoo, boti iachwe. Mkaguzi alimjibu, "Ungebaki hukohuko mtoni na wadudu wenzako," akafungua galoni la mafuta ya taa, akaanza kuimwagia boti huku akipiga mluzi. Mluzi ule hauko kwenye kanuni yoyote.

Hapo shemeji aliinuka na kasia, akampiga mkaguzi mara mbili. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili likampasua sikio. Mkaguzi alikuwa hajamgusa. Mdogo wangu amenisihi nisiliseme hili. Ameniambia, "Dada, sema kasia lilimponyoka." Kasia halikumponyoka, afande. Alilishika kwa mikono miwili.

Mkaguzi alianguka, akainuka akivuja damu. Shemeji alikuwa ameshalitupa kasia. Alisimama mikono wazi, akisema, "Basi, mkuu. Yaishe. Nisamehe." Mkaguzi alinipokonya mpira wa mashine ya maji ya moto ninayooshea boti. Maji yalikuwa yameshachemka. Alimwelekezea shemeji usoni, akabana.

Mvuke ulitufunika. Shemeji alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Alianguka akiwa amejiziba uso, na mkaguzi akamfuata palepale chini, akammwagia mikono, shingo, masikio. Niliona ngozi ya vidole ikibambuka. Nilipiga kelele, "Achia! Muache, unaua!" Hakuachia. Nilikamata mdomo wa mpira kwa mkono wa kulia, nikauinamishia chini. Mdogo wangu alimrukia mkaguzi, akamng'ata mkono, ndipo maji yalipokatika. Mpira ule hautoi maji mpaka mtu aubane.

Jioni yake mkaguzi alikuja nyumbani kwangu akiwa amefungwa kichwa. Aliniambia, "Mama, mpira uliteleza, au siyo? Mimi na wewe tunakula sahani moja." Nilimwambia sahani hiyo ale peke yake. Kazi najua nimeipoteza.

Daktari amesema shemeji hataona tena. Nina hasira na mkaguzi. Nina hasira na shemeji pia, kwa lile kasia, na kwa kamba ya kijinga kama ile. Hasira hasara, lakini hasara yenyewe imewaangukia hata wasiokasirika. Boti bado iko langoni inanuka mafuta ya taa. Kamba ya nanga nimeikabidhi hapa kituoni kama kielelezo, baada ya kuichemsha.

Nimesomewa maneno haya polepole na ni yangu. Sikupunguza kwa ajili ya mdogo wangu, wala sikuongeza kwa ajili ya mkuu wangu.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba, mkono wa kushoto)

MAELEZO YA AFISA: Maelezo haya nimeyaandika mimi kwa mkono wangu na kumsomea shahidi kwa sauti, mlango ukiwa wazi kutokana na joto. Shahidi ametia dole la kushoto kwa kuwa mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Aliomba mdogo wake, aliyekuwa amekaa benchi la mapokezi, aitwe amshikie karatasi isiteleze. Mdogo wake aliitwa mara mbili, hakuinuka. Karatasi nimeishika mimi.