"Vaa" ya Kwetu na "Vaa" ya Ukambani

Athi River, Jumanne, 12 Juni 2001
Asubuhi ukungu na manyunyu, baridi kama ya Wundanyi.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na ule mgomba ulioangushwa na upepo, umechipua? Mimi mzima, ila leo nimeshtuka sana.

Kiwanda chetu cha ngozi kimepokea wanafunzi wa chuo cha ufundi waje kujifunza kazi, nami ndiye ninayewaangalia. Mmoja anaitwa Mueni, msichana wa Ndithini. Leo nilimwona ng'ambo ya chumba amevaa ndara, na Mzee Mutua, fundi wetu, ndiyo kwanza amefungua pipa la chokaa, maji yanatiririka sakafuni. Mama, chokaa hiyo hunyonyoa manyoya ya ng'ombe, sembuse miguu ya mtoto! Nikapaza sauti kuishinda mashine: "Mueni, vaa! Vaa!" Nilitaka avae gambuti.

Akaja mbio kwangu, akikanyaga chokaa. Nilivyozidi kupiga kelele ndivyo alivyozidi kukimbia, mpaka akateleza.

Mzee Mutua alileta mpira wa maji tukamwosha miguu muda mrefu. Mtoto analia, "Si umeniita, Madam?"

"Kwetu vaa ni hapa," Mzee Mutua akaniambia. "Wewe Mtaita umemwita kwenye chokaa!"

Mueni anakijua Kiswahili vizuri, lakini mtu akishtuka husikia lugha ya mama yake.

Nikimwosha nilikukumbuka. Uliponifundisha kukata majani ya ng'ombe kule kwenye matuta, hukunipigia kelele kutoka mbali. Ulisimama nyuma yangu ukanishika mkono pamoja na mundu, leso yako ikinuka moshi. Natamani siku moja tu ya zile. Kuanzia kesho nitamkagua kila mwanafunzi miguu na mikono mwenyewe, nikiwa karibu naye, kabla pipa halijafunguliwa.

Kwenye zahanati walimpaka dawa, wakasema tuangalie kama malengelenge yatatoka usiku. Nimemlaza kitandani kwangu. Kabla ya kusinzia alinitania: "Madam, kesho sema gambuti tu. Hiyo haina Kikamba."

Nisalimie shangazi mshonaji, mjomba wa kwaya, na kaka. Mwambie asiwaache wanawe wachezee mundu.

Mwanao anayekukumbuka,
Wakesho

Nimeinua blanketi nikamulika miguu yake kwa tochi. Imekuwa myekundu kidogo, lengelenge hakuna hata moja. Saa sita na nusu, sasa nalala.