Kaa la Moto Alilonyimwa Biasha

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Wilaya ya Kwale, tarehe 19 Mei 1952
Kuhusu: Kifo cha mtoto mchanga wa Biasha binti Msa

Jina: Mwanatumu binti Garama. Umri: miaka 33. Kazi: kushona makuti. Makao: kitongojini, karibu na Msambweni.

Mimi ni mjane wa Kibwana Rai. Bado nimo edani, lakini leo nimetoka nyumbani kwa hiari yangu ili nije kusema.

Biasha ni jirani yangu, mlango kwa mlango. Yeye na mumewe walikuja kutoka Ngazija mapema mwaka huu, baada ya mlima wa kwao kutoa moto na shamba lao kufunikwa. Tuliwapokea vizuri. Wanaume walikata boriti, sisi wanawake tukashona makuti, nyumba ikasimama. Siku moja marehemu mume wangu alimtania: "Bi Biasha, huko kwenu mwapika bila kuni?" Naye akamjibu, "Kuni za nini, shemeji, na mlima wenyewe ni jiko?" Mume wangu alicheka hata akakohoa. Hakumaliza mwezi, akafariki kwa homa.

Mwezi wa Aprili mabanda mawili ya kupikia yaliteketea kitongojini. Watu wakaanza kusema wageni wamefuatwa na moto wao. Wazee wakaamua ifanywe kama zamani: kila nyumba izime moto wake, kisha uwashwe moto mpya mahali pamoja, watu wagawiwe.

Mnamo Ijumaa tarehe 16 Mei, baada ya sala ya adhuhuri, mvua ikinyesha, shemeji yangu Mbwana Rai alipita na wenzake nyumba kwa nyumba. Mimi nilizima wangu. Biasha alikuwa kitandani, ana siku nne tangu ajifungue, na chini ya kitanda mlikuwa na chungu cha makaa cha kumpa joto yeye na mtoto. Nilikuwa dirishani kwangu. Nilimsikia akisema, "Ngojeni basi mtoto apate nguvu." Mbwana akajibu, "Nguvu za nini? Za kutuchoma?" Akamwaga maji chunguni. Mbwana amesema hapa kituoni kwamba walimkuta mtoto amekwisha kufa. Si kweli. Mtoto alilia, na sauti yake ilikuwa kubwa.

Baadaye Mbwana aliniletea moto mpya. Alisema, "Shemeji, yule asipewe." Mbwana ndiye anayenilisha tangu nifiwe. Niliupokea ule moto.

Yapata saa kumi alasiri Biasha alikuja mlangoni kwangu. Nilimwona kwa upenyo wa mlango, amelowa, ameshika kigae cha kuchukulia makaa. Alisema, "Da Mwanatumu, nipe kaa moja tu. Kuni zangu zimelowa, na mtoto anakuwa baridi. Kule kwingine wamenifungia." Mumewe alikuwa Ramisi, kukata miwa.

Nilimjibu bila kufungua, "Niko edani, mwenzangu."

Eda haimkatazi mtu kutoa moto. Mimi nalijua hilo, na yeye pia. Alisema, "Haya, da. Samahani kwa kukusumbua." Yeye ndiye aliyeniomba radhi.

Nilimsikia mtoto akilia, kisha akanyamaza. Nikajiambia amelala. Nikachemsha chai, nikanywa. Magharibi ilipoingia, Biasha alipiga ukelele.

Niliyoyasema ni niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa yote, nami nayakubali.

Sahihi: Mwanatumu Garama

Maelezo ya askari: Nimeyaandika haya kwa Kiswahili na kumsomea shahidi. Nilimweleza kwamba hashtakiwi kwa habari ya kaa la moto, na kwamba twaweza kuiacha. Alisema, "Iandike, bwana askari. Ukiiondoa hiyo, atabaki Mbwana peke yake."

Koplo Karisa Mwinga