Keria kwenye baiskeli ya mbio

Winnie, acha unachofanya usome!

Fundi wa hapa Somanda ameichomelea keria baiskeli ya mbio ya marehemu babu. Keria ya gunia la pamba!

Kaka Jilala kasugua kutu miezi minne ili irudi ilivyokuwa, kaipeleka ikafungwe mnyororo tu. Sasa kachuchumaa barabarani analia. Fundi anajisifu: "Na usukani ulikuwa unatazama chini, nimeugeuza." Nimeugeuza, Winnie!

Bibi katoka ndani, kaishika keria, kacheka.

"Sasa ndiyo yenyewe! Babu yenu alishinda mbio moja tu, ya kunitorosha mimi. Nilikaa hapa, baba yangu anatufukuza na fimbo."

Jilala kafuta machozi, kapanda.

Hivi sasa wanapita hospitali. Bibi yuko kwenye keria, anampiga mgongoni: "Kanyaga! Babu yako hakuwa mzembe hivi!"