Siku Niliyoachiwa Usukani

Mweya, Jumapili, Agosti 1968

Bado nina furaha tele! Leo nahodha wa boti ya watalii ninayofanyia kazi, mzee Baluku, ameniachia usukani kwa mara ya kwanza, boti ikiwa imejaa watu.

Abiria walikuwa akina mama wa Kikongo wanaouza vitenge mpakani Mpondwe, wamekuja kutembea baada ya misa. Katikati ya mfereji wa Kazinga tukaona tembo anaogelea, mkonga tu juu ya maji.

"Zima mashine, mutoto yangu, tuone muzuri!" akasema Mama Kavira, mkubwa wao.

Nikazima. Tembo akapita karibu kabisa, wakapiga vigelegele. Nilipowasha tena, injini ikakataa, na upepo ukawa unatusukuma kwenye kundi la viboko. Niliogopa, sifichi. Nikajua kazi imekwisha leo hii hii. Nikamtazama mzee, hakuinuka.

"Usukani iko kwako," akasema.

Mara ya nne ikawaka, nikaikwepesha boti na viboko. Mama Kavira akacheka mpaka akatoa machozi. "Tutarudia, lakini ni huyu atatupeleka!"

Tulipofunga boti, mzee akanigeukia.

"Kesho iko wageni kumi na wawili. Utawapeleka wewe."

Nikaitikia kabla hajamaliza.