Mashua Mbili za Bwana Nasoro

Jumatatu, 11 Mei

Nyaishozi. Mwaka na miezi miwili tangu niondoke Ukerewe. Leo tumepakia kahawa mpaka adhuhuri, ikaja mvua, tukakaa, tukapakia tena. Mgongo unauma upande wa kushoto tu. Nimeuzoea.

Jioni Bwana Nasoro, mwenye ghala, kaniita kwake. Anataka mashua ndogo ya tanga. Iwe ya kuvutwa na pikapu yake juu ya tela, aipeleke familia ziwani upande wa Kyerwa siku za mapumziko. Waende asubuhi, warudi jioni. Babu yake alitoka pwani, basi anasema damu inamwita kwenye maji. Kuogelea hajui. Fundi mmoja wa Muleba atamletea mashua mbili azijaribu, abaki na moja. Mimi ndiye wa kumchagulia, kwa kuwa nimetoka kisiwani.

Nilimwambia ukweli. Kwetu nilikuwa mkumba maji yanayoingia chomboni na mvuta kamba kwenye mtumbwi wa mjomba. Usukani nilishika mjomba alipotaka kuvuta sigara. Akacheka, akasema nina adabu ya watu wa zamani.

Halafu akasema nikichagua vizuri, Idi ikipita niende nyumbani.

Mke wangu Nyamisi alikuwa na mimba nilipoondoka. Mtoto sasa anatembea. Sijamwona hata mara moja.

Alhamisi, 14 Mei

Mashua zimefika. Watu wa soko zima wamekuja kutazama, hata waliokuwa wanauza ndizi wameacha mikungu yao.

Ya kwanza nyeupe, ya faiba, nyembamba, mlingoti mrefu. Ilikuwa ya mzungu aliyehama Mwanza. Ya pili ya mbao, kijani, fundi kaitengeneza mwenyewe. Tumbo pana, mlingoti mfupi, tanga dogo. Zote zina ubao wa katikati unaoinuliwa, ili mashua ipite kwenye maji ya kina kifupi na ilale juu ya tela.

Tumezijaribu kwenye mlima. Nyeupe ilifuata pikapu kama mwanambuzi anavyomfuata mama yake. Ya kijani ilifanya pikapu ilie njia nzima, tukashuka kusukuma.

Kaiza, mpakizi mwenzangu, Mnyambo wa hapa hapa, kaizunguka ya kijani akaigonga tumbo. "Waitu, hii imekunywa rubisi ya harusi nzima." Waitu ndiyo jamani yao, rubisi ni pombe yao ya ndizi.

Bwana Nasoro alicheka mpaka akafuta macho. Moyo wake uko kwenye nyeupe. Nimeuona.

Jumapili, 17 Mei

Ziwani. Tulipita Kibingo, barabara tope tupu.

Bwana aliuliza tutajuaje kama mashua itaibeba familia yake bila kuwatia watu hatarini. Mimi nikatoa wazo: tutie magunia ya kahawa. Gunia zima kwa mtu mzima, nusu gunia kwa mtoto. Sisi wapakizi mizani yetu ni bega, hatukosei. Wote wakaona ni jambo la maana. Hakuna aliyebisha, hata fundi.

Tulipanga magunia ndani ya nyeupe. Nikashika usukani, Kaiza kamba. Upepo ulikuwa mzuri. Mashua ikaenda kama kisu. Tukageuza, ikasimama imara. Tukageuza tena. Imara. Bwana Nasoro alikuwa ukingoni, anapiga makofi peke yake.

Niliporudi aliniuliza, "Inafaa?"

Nikasema inafaa.

Nilisema haraka. Nilikuwa naona gati ya Nansio, kule kwetu, tayari.

Mkewe, Mama Rehema, alikuwa amekaa kwenye mkeka na watoto wake watatu. Mdogo anamrushia mwenzake mchanga, mkubwa kasimama juu ya boksi la vyombo. Nilipompita nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akasema bila kunitazama, "Magunia yamelala vizuri. Wangu hawa hawalali hata kitandani."

Jumatatu, 18 Mei

Sijafanya kazi vizuri. Gunia limenidondoka mara mbili.

Maneno ya yule mama hayatoki. Gunia linakaa chini, kwenye sakafu ya chombo. Mtu anakaa juu, kwenye ubao. Gunia likiwekwa kulia linabaki kulia. Mtoto akiona ndege anahama. Mjomba alikuwa anatupiga kwa kamba tukisimama. Nilidhani ni ukali wake tu.

Ningepaswa kukumbuka hilo mapema. Sikukumbuka kwa sababu siku nzima napima kila kitu kwa gunia. Hata watu.

Au sikutaka kukumbuka. Nikisema, ruhusa inaweza kufa. Nikinyamaza, naondoka, na siku watakapoenda majini mimi sitakuwepo.

Nyamisi kapiga simu. Kamsogezea mtoto simu, mtoto akahema tu. Sikumwambia Nyamisi kitu.

Jumatano, 20 Mei

Nimesema.

Nilimkuta Bwana Nasoro ghalani anapima ukavu wa kahawa kwa meno, kama kawaida yake. Nikamwambia jaribio lile halikuwa jaribio. Tupakie watu, wakae kama watoto wanavyokaa, wasogee kama wanavyosogea, kwenye maji ya kufika kifuani.

Uso wake ukabadilika.

"Jumapili ulisema inafaa."

"Nilisema, Bwana."

"Leo haifai. Kesho itafaa tena? Wewe ni nahodha au ni kinyonga?"

Wapakizi wakaangua kicheko. Bwana ameshawaahidi watoto nyeupe, siku ya Idi pili, na fundi amekwishaambiwa aje kuchukua ya kijani. Nimemwaibisha mbele ya watu wake.

Mwisho akakubali. Jumamosi. Lakini kasema nyeupe ikisimama bila kupinduka, nisimwombe ruhusa tena kamwe. Si Idi hii wala nyingine.

Naogopa. Nikisema kweli, naogopa zaidi ikisimama kuliko ikipinduka. Hilo si wazo zuri la mtu kuwa nalo.

Jumamosi, 23 Mei

Mwandiko leo ni mbaya.

Tulianza na nyeupe. Mimi usukani na kamba, wapakizi watano nyuma na mbele, wote watu wa vilimani, maji wanayajua ya kunywa na kuoga. Jaketi za kuokolea zilikuwa nne. Kaiza akakataa yake, akampa mwenzake, akasema yeye mafuta ya mwilini yatamfanya aelee. Hana mafuta hata ya kukaangia yai.

Niliwaambia wakae kama watoto. Wakakaa kama wazee kanisani, wameshika ukingo kwa mikono miwili. Mashua ikaenda sawa. Tukageuza, sawa. Mara ya pili, sawa. Nikamwona Bwana Nasoro kwa mbali, kakunja mikono. Nikasema moyoni basi, nimekwisha.

Kaiza akachoka na ukimya. Akanyoosha kidole kwenye mafunjo, akapiga kelele, "Kiboko! Kiboko huyo!"

Hakukuwa na kiboko. Lakini wote waliinuka upande mmoja kutazama, na upepo ukalisukuma tanga wakati huo huo. Sikuwahi hata kulegeza kamba. Mlingoti ulilala kama mgomba uliokatwa.

Maji yalikuwa ya kifuani, kama nilivyotaka. Wanne wakasimama wanakohoa tope. Nikahesabu vichwa. Kaiza hayupo.

Alikuwa chini ya tanga. Kitambaa kimelowa, kizito, kimemfunika, naye anapiga teke badala ya kusimama. Nilipita chini ya kitambaa nikaona tumbo lake, nikashika mkanda, nikavuta. Nilivuta kama navuta gunia chini ya rundo. Akatoka macho meupe. Akatapika maji. Alipopata pumzi akasema, "Kiboko kumbe ni mimi." Hakuna aliyecheka. Na yeye hakucheka.

Nilipogeuka, Mama Rehema alikuwa amewashika watoto wote watatu kwa kanga moja, amewabana. Bwana Nasoro alikuwa ndani ya maji mpaka magotini na viatu vyake vya ngozi. Alikuwa anakuja. Mtu asiyejua kuogelea.

Baadaye tukatia ya kijani. Sikumlazimisha mtu, lakini walipanda, isipokuwa Kaiza. Nikawaambia sasa wasimame, wahame, wafanye fujo. Ililala upande, ikanywa maji kiasi cha ndoo, ikarudi yenyewe. Tukafanya hivyo mpaka nikatosheka. Inakwenda polepole. Inakera. Inarudi.

Njiani pikapu ililia mlima mzima.

Jumapili, 24 Mei

Bwana Nasoro kaniita. Chai, na maandazi. Sijawahi kupewa chai sebuleni kwake.

Kasema nyeupe inarudi kwa fundi. Nikashukuru. Nikasubiri neno la ruhusa.

Badala yake akasema familia haitaingia majini mpaka yeye mwenyewe ajue kushika usukani, na ajue kusimama ndani ya maji bila hofu. Mwalimu ni mimi. "Umenionyesha inavyozama," akasema. "Huwezi kuondoka kabla hujanionyesha inavyoelea."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia alitoa ahadi. Lakini ahadi ilikuwa nichague vizuri, na kuchagua vizuri mashua bila mtu wa kuiendesha ni kumpa mtu panga akiwa gizani. Nilijua. Ndiyo maana nilikasirika.

Chai niliimaliza.

Jumatano, 27 Mei

Idi. Watoto walilia kwa sababu ya nyeupe. Mkubwa, Rehema, hanisemeshi, ananipita kama nguzo. Mama yao kaniletea pilau mwenyewe mpaka chumbani kwetu wapakizi, sahani mbili, ya pili ya Kaiza. Kaiza kala zote mbili. Kifua kinamuuma bado. Nilimwacha ale.

Nimempigia Nyamisi, nikamwambia siji wiki hii. Akauliza ni Bwana kakataa? Ningeweza kusema ndiyo. Nikamwambia ilivyokuwa, tangu magunia. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ungekuja, ungekuwa unasikiliza redio kila siku kama wamezama." Akakata. Sijui kama ana hasira. Nadhani anayo, na ana haki.

Jumapili, 7 Juni

Ziwani, mimi na Bwana Nasoro tu, kwenye ya kijani. Upepo mdogo. Ameacha kushika ukingo. Anageuza kulia vizuri, kushoto bado anavuta kamba badala ya kuilegeza, tunasimama kama ng'ombe aliyegoma. Leo aliingia majini mpaka shingoni akahesabu hadi ishirini kwa sauti. Alitoka akitetemeka, akaomba arudie.

Mchana tulikula ndizi na maharage kwenye ukingo. Alisema mwezi wa saba kahawa itakuwa nyingi, hataweza kuniachia. Nikasema najua.

Jioni nilimpigia Nyamisi. Nikamwambia mwezi wa nane, wiki ya kwanza. Kahawa itakuwa imepungua, na Bwana atakuwa anageuza pande zote mbili. Akasema atawaambia watu mwezi wa nane, nisimfanye mwongo.

Mwezi wa nane, basi. Wiki ya kwanza.