Nyundo ya Ukoo Ndani ya Tindikali

Jumatano, 4 Juni
Vipindi vinne, kisha maabara. Misumari iliyolala kwenye tindikali tupu imeliwa, imebaki kama njiti. Iliyolala kwenye tindikali yenye maji ya maganda ya tangawizi imetoka safi: kutu imeondoka, chuma kipo. Wanafunzi hawakuamini. Hata mimi nilirudia. Maganda nayaokota bure sokoni Same, wauzaji wananiona chizi.

Alhamisi, 5 Juni
Baba mkubwa kapiga simu kutoka milimani. Nilimsimulia habari za misumari, kosa langu hilo. Sasa anataka nimsafishie nyundo ya ukoo kabla ya kikao cha Jumamosi ijayo. Sisi ni ukoo wa wahunzi. Inasemekana babu yake aliifua nyundo hiyo kwa chuma alichoyeyusha mwenyewe kutoka mchanga wa mtoni. Baba mkubwa ndiye mtunzaji. Kutu imeivaa vibaya, na binamu zake wanasema apokonywe. Nikiiharibu amekwisha, na mimi nyumbani sirudi. Nimekubali. Mdomo wangu hauna breki.

Jumamosi, 7 Juni
Kaileta mwenyewe, kaifunga kwenye khanga ya marehemu mama mkubwa. Shikamoo, marahaba, chai akakataa. Akaondoka na basi la mchana. Nimechemsha maganda, nimechuja, nimechanganya na tindikali. Kipande cha nondo kimetoka salama. Nyundo sijaitumbukiza. Naogopa.

Jumapili, 8 Juni
Nimeitumbukiza baada ya ibada. Kutu ikaachia magamba magamba. Chuma hakikuguswa. Nikaimba jikoni peke yangu.
Kisha nikaigeuza. Ubavuni kuna herufi mbili na tarakimu, zimechomoza, zimenyooka. Za kiwandani. Hiki ni kipande cha reli. Hakuna aliyeyeyusha mchanga wowote.

Jumatatu, 9 Juni
Nimemwita baba mkubwa, nimemwonyesha. Alizipapasa kwa kidole gumba, muda mrefu. Akasema babu yake aliwahi kufanya kazi kwenye reli, Wajerumani walipoijenga. Hilo halisimuliwi kikaoni. Kisha akasema, "Mwanangu, zitoe."
Nikamjibu nikizisugua kwa tupa itabaki alama, na wazee wa kikao alama ya tupa wanaijua. Akasema basi tindikali yangu. Nikamweleza yangu haili chuma.
"Ile nyingine," akasema.
Nina hasira mpaka sasa. Mwaka mzima nahangaika chuma kisiliwe, halafu ananiomba hivi. Lakini bila nyundo hana heshima tena pale, na anajua kwamba najua.

Jumatano, 11 Juni
Nimefanya. Tindikali tupu, bila maganda. Ilitoa povu, harufu ikanifukuza nje. Herufi zimekwisha. Uso wote umejaa vishimo kama mtu aliyeugua ndui. Hata uzito umepungua, nausikia mkononi. Baba mkubwa aliitazama, akasema sasa inaonekana ya zamani. Nilimjibu vibaya. Sitaomba radhi.

Jumapili, 15 Juni
Kikao cha jana kiliisha salama. Baba mkubwa kabaki mtunzaji. Nyundo ilipita mkono kwa mkono. Mzee mmoja akawaonyesha vijana vile vishimo, akawaambia hivyo ndivyo chuma cha mchanga kinavyokuwa, cha dukani hakina. Wakasogea kugusa, mmoja mmoja.
Mimi nilikuwa napakua makande. Hakuna aliyeniuliza kitu.