Ukuta Usiofika Juu

Kwako Baba Idi,

Leo joto la mtaa wetu wa Gerezani halina adabu, nikakukumbuka kwanza kwa hasira, kisha kwa mapenzi. Ulipochora ramani ya nyumba hii, kuta za vyumba ukazikomesha njiani, hazifiki juu, nami nikanuna siku kadhaa. Nikakwambia sisi watu wa pwani tunataka sitara, wewe unataka wageni wasikie tukigombana. Ukacheka. "Mama Idi, upepo ukipata njia, hata feni hatuihitaji. Na maneno yakipita, tutasema mazuri."

Uliwachorea wengi hivyohivyo, watu wa kipato kidogo: korido inayonyooka mpaka uani, matofali ya matundu juu ya madirisha, paa lililotokeza ili kuta zisipigwe na jua. Wenyewe walitaka vioo kama vya maghorofa ya Kariakoo. Mlibishana hapo barazani mpaka chai ikapoa.

Mimi nilizoea. Wewe mezani kwako na penseli, mimi chumbani nakunja nguo, tunazungumza kwa juu ya ukuta bila kuonana.

"Chai nikuletee?"

"Tia tangawizi."

Basi hayo ndiyo mazuri tuliyosema, miaka yote.

Tangu tukuzike, ghorofa limesimama upande wa baharini, na upepo unatufikia umechoka. Idi anataka kunifungia kiyoyozi. Kiyoyozi hakitaki matundu, kwa hiyo lazima pale juu ya ukuta pazibwe. "Mama, joto litakumaliza humu," ananiambia. Mtoto hana kosa, ananihurumia. Nikamkubalia.

Jana mchana nilikuwa nakunja kanga, nikajisahau. "Chai nikuletee?" Sauti ikapanda, ikavuka, ikashukia kwenye meza yako. Nikasimama na kanga mkononi, nasubiri. Sikufichi, Baba Idi, nina upweke mwingi. Siku nzima inapita sijaitwa jina langu.

Asubuhi hii fundi amekuja na mbao zake. Nimemtilia chai ya tangawizi, akanywa, kisha nikamwomba arudi nazo alikozitoa.

"Sasa mama, joto hili utaliweza?"

"Joto naliweza, mwanangu," nikamwambia. Lingine sikumwambia, nakwambia wewe: hapo wazi ndipo ninapokuulizia chai.

Lala pema. Mimi niko upande huu wa ukuta.

Mkeo,
Mama Idi